Jinsi ya Kupata Chumba cha Bei Nafuu Moshi Ukiwa Mwanafunzi wa Chuo

Mwulize mwanafunzi anayekuja kuanza chuo Moshi anatafuta chumba cha namna gani, atakutajia kodi ya mwezi. Anataka cha elfu arobaini, au kisizidi elfu sitini. Kodi ya mwezi ina uzito wake, lakini mara nyingi siyo inayomkwamisha. Kinachomkwamisha ni hela ya kuingilia: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ya dalali, na vitu vya kuweka ndani, vyote ndani ya wiki moja, tena kabla bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, halijatoka. Nimeona vijana wakihamia chumba kizuri Novemba, na Desemba wanakula mlo mmoja kwa siku. Kwa hiyo tutaanza na hesabu, ndipo twende mtaani.

Neno moja kwanza kuhusu hosteli. Kama chuo chako kina hosteli, iombe siku dirisha la maombi linapofunguliwa, hata kama moyo wako uko kwenye geto, yaani chumba cha kupanga mtaani. Hosteli ya chuo haina dalali, na hununui umeme wala kitanda. Tatizo ni kwamba nafasi haziwatoshi wote, na ukishafika mwaka wa pili au wa tatu unaweza kujikuta nje. Yanayofuata ni kwa aliyekosa nafasi, na kwa mwenye sababu zake za kukaa nje: ana mtoto, ana biashara ndogo, au anataka kujipikia.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kuingia

Chukua karatasi. Tuseme chumba ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita: hiyo ni 300,000. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja: 50,000. Godoro, ndoo, sufuria, jiko na pazia, ukivibana sana na kununua vya mkononi, weka 150,000. Umefika 500,000 na bado hujala.

Sasa linganisha na bumu. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Likiingia la siku 60, ni 600,000. Ukitoa ile 500,000 unabaki na 100,000 ya kula siku sitini, yaani shilingi 1,600 na kitu kwa siku. Hiyo haitoshi hata sahani moja ya wali maharage na nauli ya kurudi.

Isitoshe, bumu halikusubiri stendi. Unasajiliwa chuo, jina linatoka, unasaini, ndipo hela inaingia. Wa mwaka wa kwanza ndio huchelewa zaidi. Mzazi au mlezi anayekutuma Moshi akijua jambo hili mapema anaweza kujipanga. Akilijua wewe ukiwa tayari umekaa kwa rafiki wiki tatu, inakuwa aibu kwa wote wawili.

Hapo unaona kwamba kupunguziwa kodi kutoka 50,000 hadi 45,000 ni ahueni ndogo. Ahueni kubwa iko kwenye mambo matatu: miezi michache ya kuanzia, kumkwepa dalali, na kurithi vitu. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Hatua ya pili: chagua upande wa mji

Moshi ni mji mdogo ulioinama. Juu, kuelekea mlimani, kuna hospitali ya KCMC na chuo chake, na mitaa ya Longuo, Rau na Shantytown: kuna miti, jioni kuna ubaridi, na wanafunzi wamejaa. Chini kuna Majengo, Njoro, Pasua na Bomambuzi: joto zaidi, vumbi zaidi Januari na Februari, na vyumba vingi vya watu wa kawaida. Upande wa mashariki una Kiboriloni na Msaranga kwenye barabara ya kwenda Himo.

Longuo ndiko kila mtu anakokimbilia, kwa hiyo wenye nyumba wa kule wanajua thamani ya walichonacho. Ukitaka nafuu bila kwenda mbali, ulizia njia za ndani, zile unazoingia kwa mguu katikati ya migomba, ambako gari haliingii vizuri masika yakianza. Shantytown ni majumba makubwa yenye fensi, ila nyuma ya majumba hayo kuna vyumba vya uani ambavyo wenyewe hawavitangazi. Anayevijua ni mlinzi wa getini au dada wa duka la karibu. Wasalimie vizuri, uwaulize.

Usikimbilie Pasua kwa sababu tu kodi iko chini. Piga hesabu ya nauli. Kwa daladala ya 600, kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 22 za masomo ni 26,400 kwa mwezi. Ukilazimika kushuka mjini na kupanda gari la pili, zidisha mara mbili. Chumba cha 30,000 kule chini kinaweza kukugharimu zaidi ya cha 50,000 unachotoka kwa miguu kwenda darasani. Na mwanafunzi wa KCMC anayeingia zamu ya usiku wodini akiishi mbali atajikuta kwa bodaboda, ambaye usiku hana bei ya mwanafunzi.

Tofauti na hapo, kama una baiskeli na masomo yako ni ya mchana, mitaa ya chini ina faida yake: uko karibu na soko la Mbuyuni, na chakula ndicho kinachomaliza hela ya mwanafunzi kuliko kitu chochote.

Hatua ya tatu: tafuta wakati wenzako hawatafuti

Vyuo vikifunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, Moshi nzima inatafuta chumba kwa wiki mbili. Wiki hizo dalali ni mfalme na mwenye nyumba hana haja ya kukubembeleza. Muda mzuri ni Julai na Agosti, wanaomaliza mwaka wa mwisho wanapofunga mizigo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuwa Moshi wakati huo, lakini anaweza kuwa na mtu: kaka aliyemtangulia, mwenzake wa sekondari, muumini mwenzake wa jumuiya za wanafunzi Wakristo kama TAYOMI na USCF, au ya wanafunzi Waislamu. Makundi ya WhatsApp ya vyuo hujaa matangazo ya “naacha chumba” miezi hiyo.

Kurithi chumba kwa anayemaliza ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Dalali hayupo. Anayetoka anakueleza ukweli ambao mwenye nyumba hatakueleza: maji hukatika siku gani, jirani gani hupiga muziki hadi saa nane, paa linavuja pembe ipi. Tena anataka kuondokana na kitanda, godoro, jiko na mtungi wa gesi kwa sababu kuvisafirisha hadi Shinyanga ni hasara. Vyote hivyo unavipata kwa bei ambayo dukani isingekupa hata godoro. Sharti moja tu: akupeleke kwa mwenye nyumba akutambulishe, na kodi umlipe mwenye nyumba mwenyewe. Ukimlipa rafiki “akufikishie”, umenunua maneno.

Usiporithi, nenda kwa miguu. Asubuhi ya Jumamosi, vaa vizuri, ingia mtaa ulioupanga, uliza kwenye genge, kwa fundi cherehani, kwa mama muuza maandazi, kwa mjumbe. Watu hawa wanajua chumba kitakachokuwa wazi wiki ijayo. Saa tatu za kutembea Longuo au Rau zinaweza kukuokolea ile 50,000 ya dalali.

Ukimtumia dalali, na wakati mwingine hakuna namna, mwambie mapema bei yako ya mwisho na miezi utakayolipa, ili asikuzungushe kwenye vyumba vya bei nyingine huku kila chumba akidai hela ya kuonyesha. Pataneni hela hiyo ni shilingi ngapi na ni kwa siku nzima au kwa kila chumba. Ada yake ya mwezi mmoja mpe baada ya kusaini na kushika ufunguo. Dalali anayekataa kukukutanisha na mwenye nyumba, muage.

Hatua ya nne: kagua kama mtu atakayelala hapo

Nenda mara mbili: mchana uone, na saa mbili usiku usikie. Mchana kila mtaa ni mtulivu. Usiku ndipo utajua kama nyuma ya ukuta kuna baa, kama njia ya kutoka barabarani ina taa, na kama choo cha uani kina balbu. Kwa dada, hili la njia na taa liamue kabla ya kuangalia marumaru za chumbani. Chumba cha bei rahisi ambacho huwezi kukirudia saa mbili usiku ukitoka maktaba ni chumba cha nusu siku.

Maji. Moshi imejaliwa, mamlaka ya maji ya mji, MUWSA, inavuta maji ya chemchemi za mlimani kama Nsere na Shiri. Shida huwa ndani ya uwanja: bomba moja kwa vyumba kumi, au bomba lenye kufuli ambalo mama mwenye nyumba hulifungua asubuhi na jioni. Fungua bomba ulione linavyotoka. Kisha mtafute mpangaji anayefua au kuosha vyombo, umsalimie, umuulize maji yalikatika lini mara ya mwisho na bili hugawanywaje, kwa vyumba au kwa vichwa. Akinyamaza na kuangalia nyumba kubwa, umejibiwa. Kama kuna simtanki, uliza ni la wapangaji au la mwenye nyumba peke yake.

Umeme ndiko ugomvi unakoanzia. Uliza mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, inahudumia vyumba vingapi. Mita yako peke yako ni neema: mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hupewa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, wakati kiwango cha kawaida ni 292 kabla ya kodi. Nyumba ya vyumba vinane kwenye mita moja haiwezi kukaa chini ya uniti 75, kwa hiyo mtanunua kwa bei ya juu, kama uniti 28 kwa kila 10,000. Mkiwa mnachanga, jua nani ana friji, nani anapikia umeme, nani anachemsha maji ya kuoga kwa hita, maana mwenye balbu na chaji ya simu hawezi kuchanga sawa na mwenye jiko la umeme. Mita ndogo ya kila chumba inamaliza ubishi huo. Kumbuka pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Zungumzeni mapema irudi vipi kwenu mnaonunua.

Sasa ingia chumbani, funga mlango. Tazama pembe za dari kama kuna ramani za kahawia. Hizo ni za masika, na kati ya Machi na Mei zitarudi. Pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu: rangi inayomeguka kama unga inakuambia ukuta unanyonya maji, na nguo zako zitanuka ukungu. Angalia soketi kama ina weusi wa kuungua. Zungusha ufunguo kwenye kitasa mara mbili tatu. Shika nondo za dirisha uzivute, uone kama wavu umetoboka, maana mbu wa Njoro na wa pande za mashamba ya mpunga kule chini hawana huruma. Washa data usome kitu, uone mtandao unashika ukiwa ndani na mlango umefungwa. Hesabu vyoo, hesabu vyumba. Choo kimoja kwa vyumba vinane maana yake ni foleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku una mtihani saa mbili.

Hatua ya tano: zungumza na mwenye nyumba

Wenye nyumba wengi wa Moshi wanaopangisha wanafunzi huishi hapohapo uani. Ni mama mstaafu, au mzee, au mtu aliyeachiwa nyumba na ndugu walioko Dar es Salaam. Anachoogopa ni mpangaji msumbufu na mpangaji anayetoroka na deni. Ukimwondolea hofu hizo mbili, atalegeza masharti kuliko ukimlilia hali ngumu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Asante mama. Nasoma hapo Chuo cha Ushirika, mwaka wa pili. Nimesikia kuna chumba.”

“Kipo. Elfu hamsini, miezi sita.”

“Chumba nimekipenda, na bei sina neno nayo. Ninaloomba mama, nilipe miezi mitatu leo, hela ninayo. Februari nitalipa mitatu mingine, na tuiandike kwenye mkataba. Na hii hapa namba ya baba, unaweza kumpigia sasa hivi.”

Angalia kilichofanyika hapo. Hakubishana bei. Aliomba muda tu, akaonyesha hela, akatoa tarehe, akampa mama mtu mzima wa kuongea naye. Ukiomba punguzo la bei na la miezi kwa pamoja, kwa kawaida unapoteza yote mawili. Akikataa mitatu, omba minne. Akishikilia sita na wewe unazo, hapo ndipo uombe bei ishuke, kwa sababu sasa unampa hela yake yote mbele. Usitegemee ofisi yoyote ikupangie bei. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na bei ni makubaliano yenu.

Kuchangia chumba na mwenzako kunakata hesabu nusu, na kwa wengi ndiyo njia pekee. Mwambieni mwenye nyumba wazi kwamba mko wawili, maana mpangaji wa kujificha huonekana siku ya kwanza ya kufua. Majina yote mawili yaingie kwenye mkataba. Na ninyi wenyewe elewaneni: mmoja akihama katikati, nani anatafuta wa kuziba, na godoro ni la nani.

Hatua ya sita: karatasi kabla ya hela

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote, chumba kipi, kodi kiasi gani, tarehe ya kuanza na kuisha, maji na umeme vinalipwaje, nani anatengeneza kitasa na paa, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Sainini mbele ya shahidi, na ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa igonge muhuri. Kwenda huko kuna faida ya pili: utakuwa umejitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na mtu wa pale atakuambia bila kuulizwa kama nyumba hiyo ina kesi ya mirathi. Nyumba zenye ugomvi wa mirathi zipo, na mpangaji huwa wa kwanza kulala nje.

Lipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki, siyo taslimu, ili ushahidi ubaki. Kabla ya kuthibitisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la mwenye nyumba aliyesaini, simama hapohapo. Utapeli wa chumba kimoja kulipiwa na watu watatu hufanyika kwa njia hiyohiyo: mtu ana ufunguo, ana maneno matamu, na hela inaingia kwa jina jingine.

Siku ya kuhamia piga picha kila ukuta, soketi, kitasa na usomaji wa mita. Badilisha silinda ya kitasa kama mwenye nyumba anaruhusu. Funguo za mpangaji aliyepita hujui ziko kwa nani.

Jambo moja la uhai. Juni na Julai Moshi kuna baridi, hasa upande wa juu, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani lipashe joto. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata lililobaki majivu mekundu tu, hata ukiwa umeacha dirisha wazi kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu, na anayeivuta usingizini anaweza asiamke. Nunua blanketi la mtumba soko la Memorial.

Mkigombana na mwenye nyumba, anzia kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kazi yake sasa ni kusuluhisha tu. Likishindikana, shauri linaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kote huko swali la kwanza ni mkataba uko wapi.

Hatua ya saba: miezi ya likizo

Hapa wengi hupoteza hela bila kujua. Ukilipa mwaka mzima, kuna kama miezi mitatu kati ya Julai na Oktoba ambayo uko nyumbani au kwenye field, mafunzo ya vitendo, mkoa mwingine huku chumba kinakula kodi. Kwa chumba cha 50,000 hiyo ni 150,000 ya kulinda godoro. Lizungumze siku ya kusaini, siyo Julai. Wapo wanaokubali mkataba wa miezi tisa au kumi, ukawaachia chumba na kupewa kona ya stoo ya kuweka vitu hadi urudi. Wapo wanaokubali nusu kodi kwa miezi hiyo. Na wapo wanaokubali umwingize mwanafunzi wa chuo kingine aliyekuja field Moshi, kwa sababu hospitali, benki na ofisi za hapa hupokea wengi msimu huo, na mwanafunzi wa field anatafuta chumba chenye kitanda tayari kwa wiki nane tu. Mpeleke kwa mama akamwone, aandikwe jina na namba ya kitambulisho, na kodi ya wiki hizo ailipe kwa mwenye nyumba moja kwa moja.